Uzi wa Saba ni wa Nani?

Wakongomani walilipanua gitaa zamani, kabla viwanda vya ng'ambo havijaanza kuuza kwa wingi magitaa ya umeme ya nyuzi saba na nane. Walilipanua bila kuongeza uzi hata mmoja. Katika gitaa tunaloliita mi-kompoze, uzi wa nne, ule wa re, huondolewa, na mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaokazwa mpaka utoe re hiyo hiyo oktava moja juu. Kwa badiliko hilo dogo mpigaji anapata milio ya juu inayokaribiana, na vidole vyake vikizunguka pale sauti humetameta. Ukisikiliza rumba ya Kinshasa ukajiuliza nani anajaza nafasi kati ya solo na gitaa la kusindikiza, mara nyingi ni yeye.

Naanza na hilo kwa sababu vijana wanaokuja kwangu hapa Kalemie wana swali moja: ninunue la nyuzi saba au nane? Wamemwona kwenye simu Tosin Abasi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, akiupiga uzi mnene kwa dole gumba. Wamewaona Meshuggah wa Uswidi wakiunguruma na magitaa yao ya nyuzi nane. Wanajua namba za modeli kuliko mimi. Lakini nikiwauliza watapiga nyimbo gani, na watapiga na nani, wananyamaza. Mimi huanzia hapo, kwa sababu mwenyewe nilifundishwa kuanzia hapo.

Gitaa langu la nyuzi saba ni Ibanez ya daraja la Prestige, kazi ya Japani. Lilinunuliwa Dar es Salaam likiwa mkono wa pili, likapanda treni mpaka Kigoma, kisha likavuka Ziwa Tanganyika kwa boti ya mizigo pamoja na magunia ya unga na katoni za sabuni. Bei yake ilikaribia bei ya pikipiki. Katika mji huu hilo si jambo la kupuuza, maana pikipiki ni kazi: mwenye pikipiki anabeba abiria asubuhi, jioni nyumba inakula. Mama watoto aliniambia wazi, "Baba, pikipiki inaleta chakula. Hiki chombo kitaleta nini?" Nilimjibu kwa hesabu ya harusi na misa za shukrani ambazo tayari nilikuwa naitwa kupiga, nikiazima gitaa la mtu mwingine na kumgawia mwenye chombo sehemu ya malipo. Alikubali baada ya kuihesabu hesabu hiyo yeye mwenyewe. Mpaka leo naona ndivyo inavyofaa: gitaa la bei kubwa liingie nyumbani kwa hesabu ambayo nyumba nzima inaijua.

Lilipofika nililipeleka mazoezini kwa furaha. Nilikuwa na uzi wa si, chini ya mi ya kawaida, na niliutumia katika kila wimbo. Mpiga besi wetu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, mtu aliyepiga enzi ambazo kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilikuwa kikifanya kazi na reli ikileta watu kutoka Kabalo. Hakukasirika. Alisubiri wimbo umalizike, akaweka mkono juu ya nyuzi zake, akauliza: "Mutoto yangu, ile sauti ya chini iko ya nani?"

Nilimwambia ni yangu. Akasema hapana, akapiga besi peke yake ili nisikie. Baadaye nyumbani nilikaa na namba nikaona alichokisikia kwa masikio. Nyuzi za gitaa la besi zikiachwa wazi hutoa mi ya Hz 41, la ya 55, re ya 73 na sol ya 98. Uzi wangu wa saba, si, hutetema kwa Hz 62. Upo katikati kabisa, kati ya la na re ya besi. Nilipoupiga kwa nguvu pamoja naye, bafle zetu ndogo za ukumbini, yaani spika, zilikuwa zikipokea milio miwili minene mahali palipotosha mmoja, na kilichotoka ni mtikisiko usio na noti. Wachezaji waliokuwa mbele hawakujua sababu, ila miguu yao ilikuwa inakosa pa kukanyaga. Katika sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, mguu hufuata besi na ngoma. Ukiivuruga besi umewavuruga watu wote waliosimama kucheza.

Muziki wetu umegawana nafasi kwa uangalifu mkubwa. Solo ana juu, mi-solo, yaani mpigaji wa mi-kompoze, anazunguka chini yake kidogo, ridhimu anashika katikati, besi ana chini, na kila mmoja anasikika kwa sababu wenzake wamemwachia njia. Kwa hiyo gitaa la nyuzi saba likiingia katika okestra kamili, uzi wake wa saba unaingia katika shamba la mtu mwingine. Magwiji wa Meshuggah wanaliweza hilo kwa sababu wameupanga muziki wao wote hivyo: magitaa yanashuka, besi inashikamana nayo sauti kwa sauti, na zote huwa kitu kimoja. Sisi hatupangi hivyo. Baada ya siku ile nilijizoeza kuulaza ubavu wa kiganja juu ya uzi wa saba wakati okestra nzima inapiga, na kuufungua tu pale besi inapopumzika, kama katika nyimbo za kuabudu zinazoanza polepole kabla ngoma hazijaingia.

Mtu atauliza, kwa nini basi nimekaa nalo? Jibu nililipata kwenye matanga.

Kwenye matanga hakuna okestra. Mara nyingi umeme hakuna pia. Kuna watu waliokaa usiku kucha, akina mama wanaimba, na mpiga gitaa mmoja mwenye ampli ndogo ya betri. Pale ndipo uzi wa saba ulipopata mwenyewe, na mwenyewe ni dole gumba. Sisi wa Katanga ya zamani tunatoka katika shule ya dole gumba. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, alikuwa akipiga gitaa moja la kawaida na kusikika kama watu wawili: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinaimba kwenye nyembamba. Edouard Masengo na Losta Abelo walitoka katika ulimwengu huo huo, na muziki wao wa Kiswahili ulivuka mipaka mpaka Nairobi. Mtu anayepiga peke yake kwa namna hiyo huwa anaishiwa na nyuzi upande wa chini. Gumba linataka kushuka zaidi na hakuna pa kushukia.

Wengine waliona upungufu huo kabla yetu. Brazili wana gitaa la nyuzi saba katika muziki wa choro, na kazi ya uzi wa saba ni kutembeza sauti za besi chini ya wimbo. Horondino Silva alijulikana zaidi kwa jina la Dino 7 Cordas, yaani nyuzi saba zilikuwa sehemu ya jina lake. Huko Marekani, George Van Eps alitengenezewa gitaa la nyuzi saba na Epiphone katika miaka ya 1930 ili apige jazi akijisindikiza mwenyewe. Kilichonigusa ni kwamba hao wote hawakuufunga uzi wa saba kwenye si, kama viwanda vinavyofanya leo. Van Eps aliushusha mpaka la. Wabrazili wengi huuweka kwenye do. Kila mmoja aliuliza nyimbo zake zinataka nini. Mimi nyimbo zangu za matanga na za nyumbani nyingi nazipiga katika do na fa, kwa hiyo uzi wangu wa saba nimeupandisha kidogo, kutoka si hadi do. Nusu toni tu, na gumba likapata nyumba. Kijana anayenunua gitaa la nyuzi saba na kuuacha uzi wa saba kwenye si kwa sababu ndivyo ulivyokuja kutoka kiwandani, hajalichagua gitaa lake bado.

Sasa kuhusu chombo chenyewe, maana wengi wanataka kujua hilo kuliko yote niliyosema.

Jambo la kwanza ni daraja, mahali nyuzi zinapofungwa juu ya mwili wa gitaa. Magitaa mengi ya bei kubwa yana daraja linaloelea, lenye springi nyuma na mkono wa kutikisia sauti. Ni kazi nzuri ya ufundi, na mkononi mwa Steve Vai, ambaye Ibanez Universe ya nyuzi saba ya mwaka 1990 ilitengenezwa kwa ajili yake, lilifanya maajabu. Lakini daraja hilo linasimama kwa mizani: nyuzi zinavuta upande mmoja, springi upande wa pili. Uzi mmoja ukikatika, mizani inaharibika na nyuzi zote zilizobaki zinapoteza sauti zao papo hapo. Ukikatikiwa katikati ya harusi, wimbo umekwisha. Tena kubadilisha uzi kunahitaji funguo ndogo za pembe sita, na zikipotea hapa Kalemie huzipati dukani kesho yake. Chukua daraja lililokazwa. Uzi ukikatika, sita zilizobaki zinaendelea, nawe unamaliza wimbo watu wakiwa hawajajua.

La pili ni urefu wa uzi, kutoka kizingiti cha juu mpaka daraja. Magitaa mengi ya umeme ya mtindo huu yana inchi 25.5, yaani milimita 648. Uzi mnene kwenye urefu mfupi unalegea, na noti yake inayumba. Ndiyo sababu magitaa ya nyuzi nane mara nyingi hufika inchi 27. Kuna pia yale yenye freti zilizotandazwa, ambapo nyuzi nene ni ndefu kuliko nyembamba. Fundi Ralph Novak wa Marekani ndiye aliyeyaendeleza na kuyapatia hataza. Nimeyashika, na mkono unayazoea haraka kuliko jicho. Ila kwa nyuzi saba, inchi 25.5 zinatosha kabisa ukivalisha uzi wa saba wa unene wa kutosha, hasa kama mkono wako umezoea akodi za rumba zinazotaka kunyoosha vidole.

Kisha mikro, zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi. Nyingine zinahitaji betri ya volti 9 ndani ya gitaa. Mimi nilikataa aina hiyo, kwa sababu betri ya volti 9 unayoipata hapa inaweza kuwa imekaa juani muda mrefu, na inakufa wakati usioutaka. Mikro zisizo na betri zinadai kidogo. Nikizitazama huwa nakumbuka jambo lingine: sumaku za aina ya alniko zina kobalti ndani yake, na waya wake ni shaba. Kongo ndiyo inayotoa kobalti nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na shaba yetu haihitaji kutambulishwa. Shingo za baadhi ya Ibanez za Prestige zimeunganishwa kwa vipande vya mepo na wenge, na wenge ni mti wa misitu ya bonde la Kongo. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa sababu ya bendi ya Wenge Musica kuliko kwa mti wenyewe, ambao sasa umo katika orodha ya miti iliyo hatarini. Vitu hivi vinatoka kwetu vikiwa ghafi na kuturudia vikiwa na bei ya pikipiki. Ningependa siku moja fundi wa Lubumbashi au Kinshasa ayauze magitaa ya daraja hili kwa jina lake mwenyewe. Mbao na madini tunavyo. Vidole vya kuyajaribu tunavyo.

Nyuzi ndizo zinazoamua kama utaendelea kupiga. Seti ya nyuzi sita inapatikana mjini, si nzuri sana lakini ipo. Seti ya nyuzi saba sijaiona dukani hapa. Naagiza kwa watu wanaokwenda Lubumbashi, Dar es Salaam au Bujumbura, na naagiza kabla ya kuhitaji. Habari njema ni kwamba nyuzi nene huishi muda mrefu. Zinazokatika ni zile mbili nyembamba, ambazo ni sawa na za gitaa la kawaida. Kwa hiyo unaweza kuishi kwa seti za kawaida na kuutunza uzi wa saba, ukiufuta jasho kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Tulipokuwa watoto tulivuta nyaya za breki za baiskeli juu ya magaloni na makopo tukapata muziki. Sisemi hivyo ili kulidharau gitaa zuri. Nasema aliyepitia huko anajua thamani ya uzi mmoja.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Masika hapa ni mazito, ziwa likituma unyevu kila usiku. Kiangazi upepo unakauka na mbao zinasinyaa. Shingo ya gitaa inapinda kidogo kwa kufuata misimu, na ndani yake kuna fimbo ya chuma ya kuinyoosha. Jifunze kuizungusha mwenyewe, robo mzunguko tu, halafu uache gitaa litulie hadi kesho yake. Usimpe fundi seremala. Kisha lihifadhi ndani ya kasha lake, mbali na ukuta unaopata jua la mchana.

Umeme unahitaji maneno mazito zaidi. Mji wetu unapata umeme kutoka kituo cha maji cha Bendera, kaskazini, na kila mwanamuziki anajua jinsi nguvu inavyoshuka jioni na kupanda ghafla. Stabilizata kabla ya ampli si anasa. Umeme huo ni wa Hz 50, na ampli isiyopata njia nzuri ya umeme hunguruma kwenye sauti hiyo na zile zinazozidishwa kutoka kwake. Uzi wa saba wa Hz 62 unaishi jirani kabisa na mngurumo huo. Uzi wa nane wa fa diezi, Hz 46, ni jirani zaidi. Lakini kelele ni jambo dogo. Kumbi nyingi na makanisa mengi hayana waya wa ardhi. Mpiga gitaa anashika nyuzi za chuma, anasogeza midomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa kwenye mashine nyingine, na mwili wake unakuwa daraja la umeme. Nimewahi kupigwa shoti hivyo mbele ya waumini, nikaanguka. Tangu hapo kabla ya kuimba nagusa maikrofoni kwa bisibisi ya kupimia umeme, navaa viatu vya raba, na nikiona taa ya bisibisi imewaka naacha kuimba. Gitaa la bei kubwa halikulindi na hilo.

Limebaki suala la kuwa na chombo mahali ambapo vyombo huwa vya mtu mwingine. Katika historia ya okestra zetu, mwenye vyombo ndiye mwenye neno. OK Jazz yenyewe, mwaka 1956, ilipata jina kutoka kwa baa iliyokuwa ikiwaweka wanamuziki wale. Mwanamuziki asiye na gitaa lake anapangiwa siku, mahali na malipo. Nilipopata langu nilianza kuulizwa kwanza kabla ya kupangiwa, na hilo lilinibadilisha kuliko sauti yoyote. Hapo hapo maombi ya kuazima yalianza: kwaya ya jirani, mpwa wa rafiki, mchungaji anayealika wageni. Kukataa kabisa mahali petu kunakata undugu. Kuliachia gitaa la namna hii liende usiku bila mwenyewe, kunalimaliza. Nilichagua njia yangu: gitaa halitoki bila mimi, lakini mlango wangu uko wazi, na kijana yeyote anaweza kuja kukaa barazani akalipiga mpaka achoke. Wazee walinielewa haraka. Kijana mmoja aliyejifunzia pale sasa anapiga vizuri kuliko mimi, kwa gitaa la kawaida la nyuzi sita alilovalisha uzi wa mi-kompoze.

Kwa hiyo vijana wanaponiuliza, nawajibu hivi. Nyuzi nane simshauri mtu wa Kalemie leo, kwa sababu ya nyuzi zake, umeme wetu na bafle zetu. Nyuzi saba ni chombo kizuri sana kwa anayepiga peke yake, au na mwimbaji mmoja, au kanisani ambako besi hakuna. Achague lenye daraja lililokazwa, mikro zisizo na betri, na seti za akiba kabla halijavuka ziwa. Anayepiga katika okestra kamili anunue la nyuzi sita lililo bora kabisa kwa fedha hiyo hiyo. Na viongozi wa kwaya wanaotaka kuchanga ili kumnunulia kijana wao gitaa la nyuzi saba, nawaomba kwanza watazame kama kwaya ina besi na mtu wa kuipiga. Kama haina, nunueni besi.